Safari ya Japani na mtoto mchanga: punguza mzigo, usiache kanga

Mwanangu alikuwa na miezi saba nilipompeleka Japani kumwona baba yake, aliyekuwa masomoni kule. Nilifunga masanduku mawili makubwa: pampasi za wiki tatu, makopo ya maziwa, mashine ya umeme ya kuchemshia chupa, mablanketi matatu. Siku ya pili nikaingia duka la dawa mtaa wa pili kutoka tulipofikia, nikakuta ukuta mzima wa pampasi, kuanzia za mtoto wa siku moja, na maziwa ya kila umri. Katika vyote nilivyobeba, nilichokitumia kila siku bila kukosa ni doti moja ya kanga. Basi mama mwenzangu akiniuliza kuhusu safari hiyo, huanza na hilo. Mengine nayapanga hapa kwa hatua.

Hatua ya 1: Karatasi

Mtoto, hata wa wiki sita, husafiri kwa pasi yake na viza yake mwenyewe. Watanzania na Wakenya wanahitaji viza kabla ya kuondoka, na huiomba kupitia ubalozi wa Japani wa Dar es Salaam au Nairobi. Anza miezi mitatu kabla, maana pasi ya mtoto ndiyo inayokula muda. Kwa picha ya pasi, mlaze juu ya shuka jeupe lililonyooshwa vizuri karibu na dirisha, usimame juu yake na kamera, usubiri afumbue macho na kufunga mdomo. Itachukua nusu saa, usimkazanie.

Kama mnamtembelea mtu anayeishi kule, yeye ndiye anayeandaa barua ya mwaliko, barua ya udhamini na ratiba ya siku zenu. Mwambie aandike jina la mtoto kwenye kila karatasi, si la mama peke yake. Beba cheti cha kuzaliwa, na kama unasafiri bila mzazi mwenzio, beba barua yake ya ridhaa.

Kadi ya kliniki nayo iingie kwenye mkoba wa mkononi. Kama tarehe ya chanjo inaangukia katikati ya safari, mwone muuguzi wa kliniki mapema mpange siku nyingine. Halafu kata bima ya safari kwa ajili ya mtoto pia. Mgeni hospitalini Japani hulipa gharama zote mwenyewe, na kulazwa usiku mmoja tu kunaweza kuzidi bei ya tiketi.

Hatua ya 2: Majira

Watu wengi hutamani maua ya sakura, mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Ni kweli yanapendeza, lakini hoteli hujaa na bustani hufurika. Kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei ni mfululizo wa sikukuu, nchi nzima iko barabarani. Juni hadi katikati ya Julai ni mvua. Agosti nakukataza kabisa ukiwa na mtoto mdogo: joto hufika nyuzi 35 na unyevu juu yake, na mtoto aliye kwenye kigari yuko karibu zaidi na lami kuliko wewe. Aliyezoea joto la Dar asidhani ni lile lile, kwani katikati ya maghorofa ya Tokyo hakuna upepo wa bahari. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Mei, au Novemba majani yanapogeuka rangi na hewa imekauka.

Hatua ya 3: Mzigo

Pampasi beba za siku tatu tu. Kule huitwa *omutsu*, na zimepangwa kwa kilo: S huwa ni kilo 4 hadi 8, M ni 6 hadi 11. Kuna za kubandika ubavuni, na kuna za kuvaa kama chupi, zinazoandikwa *pantsu*. Merries na Moony ni za kule kule, laini sana. Maziwa ya kopo beba ya wiki moja, ili umhamishe mtoto polepole kwenda maziwa ya kule, usimbadilishie kwa siku moja.

Vifaa vya umeme viache. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230 au 240, na soketi zao ni za pini mbili bapa. Kifaa cha kupashia chupa kilichotoka nyumbani kitawaka lakini hakitapasha. Birika la umeme utalikuta karibu kila chumba cha hoteli.

Dawa: paracetamol ya maji, ORS, kipimajoto. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini na za kikohozi zenye kodeini zina masharti makali mpakani, kwa hiyo ziache. Nyama ya aina yoyote, hata soseji au nyama kavu ya kuongezea kwenye uji, hairuhusiwi kuingizwa.

Na kanga. Kipande kimoja ni mbeleko, cha pili ni cha kujifunika unaponyonyesha, kumtandikia mtoto sakafuni, kumkinga na baridi ya viyoyozi vya treni. Usiogope kutazamwa. Wajapani wana mila yao ya kubeba mtoto mgongoni, wanaiita *onbu*, na mabibi wa umri wa mama zetu wakiona mbeleko wanaitambua mara moja. Bibi mmoja sokoni aliinyoosha pembe ya kanga yangu iliyokuwa imejikunja begani, taratibu, kama anayemtengeneza mwanawe, akauliza *nankagetsu?*, yaani ana miezi mingapi. Jibu la miezi saba ni *nanakagetsu*. Hapa sisi tuna nafasi nzuri: irabu za Kijapani ni a, e, i, o, u kama zetu, kwa hiyo neno lililoandikwa kwa herufi za Kirumi ukilisoma kama Kiswahili, wanakuelewa.

Hatua ya 4: Ndege

Wengi wetu hupitia Doha, Dubai au Addis Ababa. Piga simu shirika la ndege mara tu ukikata tiketi, uombe kiti cha mbele kinachotazama ukuta, pale wanapotundika kitanda cha mtoto. Vitanda hivyo ni vichache na vina kikomo cha uzito, uliza ni kilo ngapi. Mnyonyeshe au mpe chupa ndege inapopaa na inapoanza kushuka, kumeza kunapunguza maumivu ya masikio. Anza mapema kwenye kushuka, nusu saa kabla ya kutua.

Hatua ya 5: Ukitua

Haneda iko karibu na katikati ya Tokyo. Narita iko umbali wa kilomita 60 hivi. Kama nauli zinakaribiana, chagua Haneda.

Kabla hujatoka uwanjani, tafuta kaunta ya *takkyubin*, huduma ya kusafirisha mizigo. Unaandika anwani ya hoteli, unalipa, sanduku linakufuata kesho yake. Gharama inategemea ukubwa na umbali, kiasi cha yeni 2,000 hadi 3,500 kwa sanduku. Ni pesa nzuri zaidi utakayotumia Japani. Baki na begi la mgongoni lenye mahitaji ya usiku mmoja, mtoto kwenye mbeleko, mikono yote miwili iko huru. Fanya hivyo pia kila unapohama mji.

Chukua pesa taslimu. Mashine za ATM ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje. Nunua na kadi ya treni ya Suica au Pasmo. Mtoto haihitaji.

Hatua ya 6: Saa

Japani iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa sita. Anayehesabu saa kwa Kiswahili hana haja ya kupiga hesabu: namba inayoonekana kwenye saa ya ukutani Tokyo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani. Ukiona 2:00 usiku wa manane, nyumbani ni saa mbili usiku, na mwili wa mtoto unasema ndiyo kwanza wakati wa kulala umefika. Ukiona 12:00 adhuhuri, kwake ni saa kumi na mbili alfajiri, ndiyo anaamka.

Kwa hiyo siku tatu za mwanzo usipange chochote cha asubuhi. Usijaribu kumgeuza kwa siku moja. Kila siku mwamshe mapema kuliko jana kwa saa moja, fungua pazia, mtoe nje apate mwanga wa jua. Usiku akiamka kucheza, acha chumba kiwe giza, mnyonyeshe bila maongezi. Mwanangu alikaa sawa siku ya tano.

Hatua ya 7: Treni

Hapa ndipo safari inapoharibika au kutengenezeka.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja halipi nauli, mradi hakalii kiti cha kuwekewa nafasi mapema. Hakuna tiketi ya kumkatia. Pita naye tu kwenye geti, na kama una kigari tumia geti pana la pembeni.

Kigari kinaruhusiwa kuingia kwenye treni bila kukunjwa. Alama rasmi ya kigari cha mtoto ilianza kutumika mwaka 2014, na ukiiona kwenye behewa ndipo mahali pa kusimama. Tatizo ni kufika kwenye behewa lenyewe. Vigari havitakiwi kwenye ngazi za umeme, na lifti huwa mwisho mmoja wa jukwaa, wakati mwingine moja ya kutoka jukwaani na nyingine, mbali, ya kutoka nje. Kituo kimoja nilizunguka dakika ishirini na mtoto analia, nikiwa nauona mlango wa kutokea juu yangu. Toka siku hiyo nikajiwekea sheria: treni ni mbeleko, bustani ni kigari. Kama huwezi kuacha kigari, beba kile chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja.

Epuka saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, na saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Si ushauri wa kupima. Treni za Tokyo muda huo hubana kifua cha mtu mzima. Viti vya *yuusenseki*, vyenye michoro ya mzee, mjamzito na mtu aliyebeba mtoto, ni haki yako, kaa.

Behewa huwa kimya. Watu hawapigi simu, hawazungumzi kwa sauti. Mtoto wako atalia, na utahisi kilio kimejaza dunia. Kuna watu hubandika kwenye simu zao stika inayosema *naite mo ii yo*, lia tu, si kitu. Wasio na stika wengi nao hutazama pembeni kwa heshima, si kwa hasira. Kwenye treni za mjini shuka kituo kinachofuata, tembea jukwaani dakika tano, panda nyingine. Zinapishana kwa dakika chache.

Kwa safari ndefu kuna shinkansen, treni ya mwendo kasi. Tokyo hadi Kyoto ni saa mbili na robo hivi kwa Nozomi, ile ya haraka kuliko zote kwenye njia hiyo. Kwenye njia hiyo omba viti vya behewa la 11 au la 12, kwa sababu behewa la 11 lina chumba kidogo chenye mlango, *tamokutekishitsu*, ambacho mama anaweza kukitumia kunyonyesha. Mwombe kondakta, yeye ndiye anayekifungua. Kiti kiwe karibu na mlango, ili mtoto akianza kulia utoke hadi ile nafasi kati ya mabehewa, ambako kuna dirisha la kumwonyesha milima. Masanduku ambayo jumla ya urefu, upana na kimo inazidi sentimita 160 yanahitaji nafasi ya kuwekewa mapema. Kigari cha mtoto hakihesabiwi.

Hatua ya 8: Kunyonyesha, kubadilisha, kula

Neno la kulishika kuliko yote ni *junyuushitsu*, chumba cha kunyonyeshea. Nenda kwenye duka lolote kubwa la ghorofa, Takashimaya, Isetan, Mitsukoshi, upande hadi ghorofa ya vitu vya watoto. Utakuta vyumba vidogo vyenye pazia na kiti cha kuegemea, meza za kubadilishia zenye mito, sinki, mzani wa kumpima mtoto, na bomba la maji ya moto yaliyowekwa tayari kwa kukorogea maziwa. Upande wa mapazia ni wa akina mama. Baba hubaki kwenye meza za kubadilishia. Huhitaji kununua chochote dukani. Kwenye vituo vikubwa na maduka ya Aeon navyo vipo. Hadharani wanawake wa kule hawanyonyeshi kwa kawaida. Ikikulazimu, jifunike kanga, hakuna atakayekusemesha.

Maji ya bomba ni salama nchi nzima. Kwa maziwa ya unga yachemshe, kisha yapoze. Unaweza pia kununua maziwa ya maji ya watoto, yaliyo tayari kwenye kopo dogo au pakiti. Yalianza kuuzwa Japani mwaka 2019, na kwa siku ya safari ndefu hayana mfano.

Mtoto aliyeanza kula atapata vyakula vya pakiti vya Kewpie na Wakodo vikiwa na namba kubwa mbele: 5, 7, 9, 12. Hiyo ni miezi. Wali laini na samaki wa namba 7 mwanangu aliupokea kama uji wake wa nyumbani. Angalia mzio: soba ni tambi za unga wa nafaka iitwayo buckwheat kwa Kiingereza, na huwadhuru watu wengine vibaya, usimwonjeshe mtoto ukiwa mbali na daktari. Asali asipewe kabisa kabla ya mwaka.

Kwenye vyoo vya umma, tafuta kile kipana chenye alama ya mtoto. Ukiingia choo cha kawaida, tazama kona: mara nyingi kuna kiti kidogo cha plastiki kimefungwa ukutani chenye mkanda. Unamkalisha mtoto humo, miguu ikining'inia, mnatazamana hadi umalize. Mama aliyesafiri peke yake ataelewa thamani ya kiti hicho.

Mapipa ya taka barabarani ni machache mno, na sehemu nyingine wanakuomba uondoke na pampasi iliyotumika. Tembea na mifuko ya plastiki ya kufunga vizuri, ukatupe hotelini.

Mgahawani, uliza kama kuna *zashiki*, sehemu ya kukaa sakafuni kwenye mikeka. Unamlaza mtoto pembeni yako kwenye kanga, unakula kwa mikono miwili.

Hatua ya 9: Malazi

Hoteli za kawaida mjini zina vyumba vidogo, na kitanda chembamba kwa watatu ni hatari. Chukua chumba cha tatami, yaani chenye sakafu ya mikeka, na *futon*, magodoro ya sakafuni. Mtoto anayejiviringisha hana pa kuanguka. Sehemu nyingi za bafu za pamoja hazimpokei mtoto ambaye bado yuko kwenye pampasi, na maji yake ya nyuzi 40 na zaidi ni makali kwake. Uliza *kashikiri*, bafu la kukodi la familia, na upunguze moto kwa maji baridi.

Usiku weka viatu, mbeleko na mkoba wenye karatasi zenu za safari karibu na kichwa. Ardhi ikitikisika, mkumbatie mtoto, ingieni chini ya meza, usikimbilie nje.

Hatua ya 10: Akiugua

Kliniki ya watoto ni *shounika*. Homa ni *netsu*. Gari la wagonjwa ni 119 na halitozwi. Matibabu ndiyo hutozwa, tunza risiti kwa ajili ya bima. Kuna simu ya wageni ya saa 24 inayojibiwa kwa Kiingereza, 050-3816-2787, watakuelekeza hospitali yenye mtu anayejua Kiingereza.

Na hili naomba ulibebe kama pasi. Ikiwa mtoto ametoka eneo letu la malaria na akapata homa kule, hata wiki kadhaa baada ya kufika, mwambie daktari dakika ya kwanza: tumetoka Afrika, naomba apimwe damu, *mararia*. Neno lao ni hilo hilo karibu. Daktari wa Japani anaweza kumaliza mwaka bila kuona mgonjwa mmoja wa malaria, na akiona homa wakati wa baridi atafikiria mafua kwanza. Usisubiri hadi kesho.

Hatua ya 11: Siku yenu ya kwanza kutoka

Panga mahali pamoja tu kwa siku. Kwa kuanzia nashauri Ueno, mtaa wa Tokyo wenye bustani kubwa. Ondokeni saa nne asubuhi, treni zimeshatulia. Ukishuka Ueno tokea geti la Koen, linalofungukia bustanini bila kuvuka barabara. Bustani ya wanyama, iliyofunguliwa mwaka 1882, iko hatua chache. Mkubwa hulipa yeni 600, mtoto hatozwi, na kwa kawaida hufungwa Jumatatu. Mtembeze hadi asinzie. Akiamka, mnyonyeshe, mbadilishe, kaeni chini ya miti na chakula cha dukani. Akiwa mchangamfu bado, ongeza nusu saa. Akianza kujikuna macho, geuza. Kabla ya saa kumi na moja jioni uwe umeshapita geti kurudi.